Betri za Lithiamu na Madhara ya Kuzishibisha

Mwaka juzi fundi mmoja wa redio, ambaye karakana yake iko mtaa wa pili kutoka ninapoishi, alinijia nyumbani na ndoo ya mchanga. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na masalia ya betri: vikopo vya chuma vilivyopasuka, nyaya zilizoungua, na kitu cheusi kama lami iliyoganda. Alinieleza kwamba alikuwa amekusanya seli kutoka katika betri za kompyuta mbovu za mkononi, akaziunga tatu tatu kwa mfuatano ili apate volti 12 za kuwashia taa zake umeme unapokatika. Kisha akaziunganisha na chaja ileile anayoitumia kwa betri za magari. Haikutimia saa moja akasikia sauti ya kufoka, kama ya chupa ya soda inayofunguliwa. Akauzoa mzigo ule kwa beleshi, akatoka nao mbio, nao ukawaka moto uani. Mwanawe, aliyekuwa amelala chumba cha pili, hakudhurika.

"Mwalimu," aliniuliza baada ya salamu, "seli hizi zilikuwa mbovu?"

"Huenda zilikuwa nzima, fundi."

"Basi chaja ndiyo mbovu."

"Chaja nayo ni nzima. Imefanya kazi iliyoundwa kuifanya."

Alinitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. Lakini jambo hilo ni la kweli, na kwa kuwa swali lake nimeulizwa kwa namna nyingine na watu waliosoma kuliko yeye, nimeona yafaa nilijibu hapa kwa urefu kidogo. Siku hizi betri za lithiamu zimo katika simu, taa za umeme wa jua, kompyuta, pikipiki na bajaji za umeme. Wengi wetu tunazitunza kwa mazoea tuliyoyarithi kutoka kwa betri za aina nyingine, na mazoea hayo, ingawa yalikuwa sahihi mahali pake, hapa yana madhara.

Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo ya magari, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri hiyo hupenda kushiba. Ikiachwa nusu tupu kwa majuma mengi, fuwele za salfati ya risasi hukomaa juu ya mabamba yake na kukataa kuyeyuka tena, na mwenyewe huambiwa kwamba betri "imekufa". Kwa hiyo madereva walifunzwa, tena kwa haki, kuijaza kila wanapopata nafasi. Baadaye zilienea betri ndogo za nikeli na kadimiamu, na watu wakafunzwa somo la pili, yaani kuimaliza betri kabisa kabla ya kuichaji, kwa sababu zile za nikeli zikichajiwa kila mara kabla ya kuisha huonekana kama zimesahau uwezo wao. Hata leo muuzaji wa simu dukani humwambia mnunuzi aichaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha. Agizo hilo ni masalia ya zama za nikeli. Kwa betri ya lithiamu halina faida yoyote.

Yaliyomo ndani ya seli

Historia ya betri hizi nitaipitia haraka. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa katika maabara ya kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani, alionyesha kwamba lithiamu yaweza kuingia na kutoka baina ya matabaka ya mada ngumu bila kuivunja mada hiyo. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walitumia oksidi ya kobalti na kupata volti kubwa zaidi. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliiondoa lithiamu ya metali, ambayo ni kali mno, akaweka kaboni mahali pake. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na wataalamu hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Sasa tuifungue seli, kwa maneno tu, maana kuifungua kwa kisu ni jambo lisilofaa kujaribiwa. Ndani yake mna karatasi mbili za metali zilizoviringwa pamoja. Ya kwanza ni ya shaba, nayo imepakwa kinywe, madini yaleyale yanayopatikana kwetu Mahenge na Ruangwa. Hilo ndilo bamba hasi. Ya pili ni ya alumini, nayo imepakwa oksidi ya lithiamu pamoja na metali nyingine kama vile nikeli, manganizi au kobalti. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi. Hilo ni bamba chanya. Katikati yao umo utando wa plastiki wenye vitundu vidogo sana. Unene wa utando huo ni kama sehemu mbili za mia za milimita, yaani mwembamba kuliko unywele. Vyote hivyo vimelowana katika kimiminiko chenye chumvi ya lithiamu. Ni lazima niseme mapema kwamba kimiminiko hicho si maji. Ni cha jamii ya viyeyushi vinavyoshika moto.

Msomaji anayeijua Dar es Salaam na afikirie safari ya kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Ioni za lithiamu huvuka kwa kivuko: hupita katika kimiminiko na kupenya vitundu vya utando kutoka bamba moja hadi jingine. Elektroni haziruhusiwi kupanda kivuko hicho. Hizo sharti zizunguke kwa daraja, yaani kwa waya ulio nje ya betri, nasi huzitumikisha njiani ziwashe taa au zizungushe mota. Tunapoitumia betri, safari ni ya kutoka kwenye kinywe kwenda kwenye oksidi. Tunapoichaji tunazilazimisha zirudi. Elektroni zikipata upenyo wa kukatisha ndani kwa ndani, kwa mfano utando ukitobolewa, ukibonyezwa au ukiyeyuka, nguvu yote iliyokuwa ifanye kazi ya saa nyingi hugeuka joto kwa muda mfupi, mahali padogo. Hiyo ndiyo shoti ya ndani.

Kinywe kina nafasi maalumu za kupokea wageni hao: chembe moja ya lithiamu kwa kila chembe sita za kaboni. Nafasi zikijaa na chaja ikaendelea kusukuma, lithiamu inayofika hukosa pa kuingia, ikajipanga juu ya kinywe ikiwa metali tupu, mara nyingine kwa umbo la sindano nyembamba zinazoelekea kwenye utando. Kwa upande wa pili, oksidi iliyonyang'anywa lithiamu kupita kiasi huwa dhaifu, nacho kimiminiko huanza kuoza kwa sababu ya volti kubwa na kutoa gesi. Ndiyo maana seli nyingi za kawaida zimewekewa mpaka wa volti 4.2. Mpaka huo si pendekezo la mtengenezaji mwoga. Kuuvuka hata kwa sehemu ndogo ya volti ni kuianzishia seli uharibifu usiorekebishika.

Hapo ndipo fundi wangu aliponaswa. Seli tatu zilizoungwa kwa mfuatano hustahimili volti 4.2 mara tatu, yaani 12.6, basi. Chaja ya betri ya gari husukuma mpaka kufikia volti 14.4 hivi, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kinachohitajiwa na seli sita za risasi. Gawanya 14.4 kwa tatu: kila seli ya lithiamu ilikuwa inasukumwa kuelekea volti 4.8. Tena seli zenyewe zilikuwa kuukuu na hazikulingana, kwa hiyo iliyo dhaifu ilifika juu kabla ya wenzake.

Mtu aweza kuuliza: mbona betri ya gari ikijazwa kupita kiasi hailipuki kila siku? Jibu ni kwamba betri ya gari ina mahali pa kupumulia. Ikisha kushiba, umeme unaozidi hupasua maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni, nazo hutoka kama mapovu. Baada ya muda tunafungua vifuniko na kuongeza maji safi. (Haidrojeni nayo ina hatari zake, lakini hayo ni makala mengine.) Seli ya lithiamu imefungwa kabisa, haina maji ya kupasua, wala haina mlango wa kumpokea mgeni anayezidi. Kinga yake ni saketi ndogo ya ulinzi inayokata umeme volti zikifikia mpaka, na ambayo katika betri yenye seli nyingi husawazisha seli moja na nyingine. Katika simu na katika pikipiki saketi hiyo imo. Katika mkusanyiko wa fundi wangu haikuwamo.

Funzo la ndege ya Boeing 787

Asidhani msomaji kwamba makosa ya namna hii ni ya mafundi wa mitaani peke yao. Tarehe 7 Januari 2013, katika kiwanja cha ndege cha Boston, betri ya lithiamu ilishika moto ndani ya ndege ya Boeing 787 ya shirika la Japan Airlines iliyokuwa imeegeshwa, abiria wakiwa wamekwisha shuka. Siku tisa baadaye betri ya ndege nyingine ya aina hiyo, ya All Nippon Airways, ilitoa moshi ikiwa angani, na rubani akatua kwa dharura Takamatsu huko Japani. Ndege zote 50 za aina hiyo zilizokuwa zikihudumu duniani zilisimamishwa.

Kila betri ilikuwa na seli nane kubwa. Wachunguzi wa Marekani, baada ya kuifungua ile ya Boston na kuipiga picha za eksirei, walikata shauri kwamba shoti ya ndani ilitokea katika seli moja, na joto lake likawaambukiza majirani mmoja baada ya mwingine.

Marekebisho yaliyofanywa yana mafunzo kwetu. Seli zilitengwa kwa vihami ili moja isiichome nyingine. Betri iliwekwa ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Na jambo la tatu, ambalo halikutangazwa sana magazetini, ni kwamba waliupunguza upana wa matumizi ya betri: kiwango cha juu cha kuchaji kilishushwa na kiwango cha chini cha kutumia kikapandishwa. Kwa maneno mengine, wahandisi waliokuwa na fedha na maabara za kila aina waliamua kutoishibisha betri yao na kutoiacha ikaishiwa. Ndege ya kwanza ya aina hiyo kurudi kubeba abiria ilikuwa ya shirika la Ethiopia, iliyoruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 27 Aprili 2013. Shirika letu la Air Tanzania lilipokea 787 yake ya kwanza mwaka 2018.

Busara hiyohiyo imeingia katika kanuni za usafirishaji. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchaji zinazosafirishwa peke yake kama shehena hazikubaliwi katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo hutakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Betri yenye chaji kidogo ina nguvu kidogo ya kugeuka joto. Abiria naye hutakiwa abebe betri zake za akiba, zile ambazo vijana huziita pawabenki, ndani ya chumba cha abiria, asiziweke katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Sababu ni kwamba ikianza kufuka moshi, huku juu kuna watu wa kuiona. Mpaka ni wati-saa 100 bila kibali cha shirika. Kuupima si vigumu. Betri iliyoandikwa miliampea-saa 20,000 ni ampea-saa 20. Zidisha kwa volti 3.7 za seli, unapata wati-saa 74, nayo hupita.

Joto

Joto ndilo adui wa pili, na kwa wakazi wa pwani ndilo adui wa kila siku. Wanakemia wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kasi ya mibadiliko mingi ya kemikali hukaribia kuwa maradufu. Uchakavu wa betri ni mibadiliko ya kemikali. Basi betri inayokaa katika chumba chenye nyuzi 32 huzeeka upesi zaidi kuliko mwenzake aliye katika nyuzi 22, hata kama hazitumiki zote mbili. Nadhani hapa tumejidhulumu kwa kusoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watumiaji wa nchi za baridi na kuyachukua kama yalivyo. Kushiba na joto vikikutana huongezeana nguvu: betri iliyojaa asilimia 100 katika joto kali huchakaa kuliko iliyojaa nusu katika joto hilohilo.

Joto likizidi sana, mambo hubadilika kutoka uchakavu na kuwa hatari. Karibu na nyuzi 80 hadi 100 ngozi nyembamba inayokilinda kinywe huanza kuvunjika, na kuvunjika kwake kwenyewe hutoa joto. Karibu na nyuzi 130 utando wa plastiki huyeyuka, nayo mabamba hugusana. Joto likikaribia nyuzi 200, mapema au baadaye kidogo kulingana na aina ya oksidi, bamba chanya huanza kutoa oksijeni. Ndani ya kopo moja sasa kuna kitu kinachoungua, kuna joto, na kuna oksijeni yake. Ndiyo maana moto wa betri hizi hauzimwi kwa kufunikwa blanketi au kunyimwa hewa. Hewa yake inayo wenyewe.

Si aina zote zilizo kali sawasawa. Ipo aina itumiayo fosfati ya chuma, iliyotokana na utafiti wa Goodenough na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990. Oksijeni yake imeshikwa barabara na fosforasi, haiachiliwi kwa urahisi. Hubeba nishati pungufu kwa kila kilo, lakini huishi muda mrefu na hustahimili joto zaidi. Seli yake hukoma volti 3.65. Msomaji aliye mwepesi wa hesabu ataona kwamba seli nne za aina hii hufanya volti 14.6, karibu sawa na chaja ya gari, na kwa sababu hiyo huuzwa kuchukua nafasi ya betri za risasi katika mitambo ya umeme wa jua. Kwangu mimi, mwenye kujenga mfumo wa nyumbani asihangaike na aina nyingine. Hata hivyo na ahakikishe kwamba chaja yake haina ile hatua ya kufufua betri ya risasi, ambayo hupandisha volti kupita 15.

Utunzaji wa kila siku

Kwa simu na kompyuta, mazoea mema ni kuichaji mapema na kuiondoa mapema. Kuzunguka baina ya asilimia 20 na 80 hivi kunatosha kazi za siku nyingi, na kuchaji kidogo kidogo mara nyingi hakuna dhara lolote, kinyume cha tulivyofunzwa zamani. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Anayejua kwamba kesho anasafiri kutwa nzima na aijaze mpaka mwisho bila hofu, ili mradi asiijaze jioni na kuiacha imeshiba usiku kucha chini ya mto wa kulalia. Mto ni kihami kizuri sana cha joto. Vivyo hivyo simu isiachwe juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani, ambako joto laweza kupita nyuzi 60. Na chaja iwe ya kampuni inayojulikana, kwa maana chaja iliyoundwa vibaya huweza kumhatarisha mtumiaji mwenyewe kwa kupitisha umeme wa ukutani.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hatari ya kuishiwa kabisa. Nimewahi kufika katika shule moja ya bweni iliyokuwa imepewa taa za umeme wa jua kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha nne. Taa zilifungiwa stoo wakati wa likizo ndefu, nyingi zikiwa zimekwisha chaji. Shule ilipofunguliwa, karibu nusu yake zilikataa kuwaka, na mwalimu wa zamu aliamini kwamba zilikuwa bandia. Hazikuwa bandia. Seli inapokaa tupu, volti zake huendelea kushuka pole pole. Zikishuka mno, shaba ya bamba hasi huanza kuyeyuka katika kimiminiko. Mtu akiichaji baadaye, shaba hiyo huganda tena mahali isipotakiwa na kuunda njia za shoti. Kwa hiyo betri iliyokaa tupu miezi mingi na ikakataa chaji isifufuliwe kwa nguvu, kama wafanyavyo mafundi wanaoishtua kwa betri nyingine. Dawa ya shule ile ilikuwa rahisi: kuzichaji taa mpaka nusu kabla ya kuzifungia, kuzizima kabisa, kuziweka mahali pa baridi na pakavu, na mtu mmoja kuzikagua kila mwezi au miwili.

Kuhusu baridi nitasema machache, kwa kuwa si wengi wetu inayotuhusu. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu huko Ujerumani, simu yangu ilizimika kituoni asubuhi moja ya theluji ikiwa na nusu ya chaji, ikafufuka nilipoingia ndani na kuipasha joto mfukoni. Nami, mwanafunzi wa kemia ya betri, nilikuwa nimeanza kumlaani aliyeniuzia. Kutumia betri katika baridi kunaipunguzia nguvu kwa muda tu. Kuichaji chini ya nyuzi 0 ndiko kunakoidhuru, kwa sababu lithiamu haiwahi kuingia ndani ya kinywe na hujipanga juu yake kama metali. Wapandao Kilimanjaro, na wakazi wa Kitulo kunakoanguka sakitu, na waipashe betri joto kwanza kwa mwili.

Pikipiki za umeme nitazisimamia kidogo, maana hapo ndipo penye nishati kubwa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, yaani kama betri nne za gari dogo, katika sanduku ambalo mtu mmoja hulibeba mpaka chumbani. Katika jiji la New York, ambako wapeleka vyakula wengi hutumia baiskeli za umeme, watu 18 walikufa mwaka 2023 kwa mioto ya betri za lithiamu. Tatizo mojawapo lililoonekana huko ni betri kuchajiwa karibu na mlango, moto ukizuka watu hukosa pa kutokea. Dereva wa bodaboda anayepanga chumba kimoja chenye mlango mmoja na afikirie hilo. Betri ichajiwe barazani penye kivuli au katika kituo cha kubadilishia, mbali na kitanda na mbali na njia. Ikitoka barabarani ikiwa ya moto iachwe ipoe kwanza. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa nyuzi 45 kwa kuchaji. Na betri iliyoangushwa, iliyobonyea au iliyozama katika mafuriko isichajiwe mpaka ikaguliwe na mwenye ujuzi, hata kama inaonekana kufanya kazi. Maji ya chumvi yakiingia ndani huweza kufanya shoti siku kadhaa baada ya kukauka kwa nje.

Moto ukitokea

Dalili za kwanza ni kuvimba, joto lisilo la kawaida, harufu tamu kama ya rangi ya kucha, na sauti ya kufoka. Kama betri ingali baridi, ichomolewe na kupelekwa nje. Kama imeanza kufoka, aliye karibu asijaribu ushujaa wa fundi wangu. Yeye alikuwa na beleshi refu na ua mpana, na bado nywele za mkono ziliungua. Moshi wake una gesi za floridi zinazounguza mapafu, na seli hurushwa kama fataki. Watu watoke, mlango ufungwe, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Kwa betri ndogo kama ya simu maji mengi hufaa, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza ili seli nyingine zisifuate. Yale mafundisho kwamba lithiamu haimwagiwi maji yanahusu lithiamu ya metali tupu, ambayo katika seli hizi ni kidogo sana. Ila umeme wa ukutani uzimwe kwanza. Mchanga huuzuia moto usisambae, lakini haupozi. Betri iliyozimika huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, kwa hiyo ibaki nje, mbali na ukuta.

Betri iliyovimba, hata kama simu ingali ikiwaka, imekwisha. Isitobolewe ili "itoe upepo", isibanwe kwa kifuniko, isitupwe katika jalala ambalo jioni litachomwa moto. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki, iwekwe katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mahali wasipofika watoto, mpaka ipatikane nafasi ya kuipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, ambao katika miji mikubwa wapo ingawa ni wachache mno kwa mahitaji yetu.

Ndoo ya mchanga ya fundi ingali maabarani kwangu, nami huitumia kufundishia mwaka wa pili. Yeye alijenga betri nyingine, ya seli nne za fosfati ya chuma, yenye saketi ya ulinzi. Nilipopita karakanani kwake mwezi uliopita nilikuta amebandika plasta nyeupe juu ya kila chaja na kuandika kwa kalamu ya wino aina ya betri na volti zake za mwisho, na ile ya zamani ya magari ameitundika juu kabisa, mahali ambapo mwanawe hafiki bila ngazi.